Sidii Iliyokuja kwa Posta

Mwaka 2006 mhudumu wetu wa mapokezi alirudi kutoka Posta na bahasha iliyomtatiza. Aliigeuza, akaitikisa, akazikagua stempu, kisha akaniwekea mezani. Hakukuwa na ankara. Ndani mlikuwa na sidii tano kwenye mifuko ya karatasi ngumu yenye rangi za udongo, na picha ya vijana wa mataifa mbalimbali wakitabasamu. Mzee mmoja wa uhasibu alichukua moja, akaisogeza mbali na macho ili aisome.

"Wanauza nini hawa?"

"Hawauzi, mzee. Unaomba tu, wanakutumia."

"Mwanangu, Mzungu halipi stempu bure."

Kwa hilo la Mzungu hakukosea, ila Mzungu mwenyewe alikuwa wa hukuhuku barani. Mark Shuttleworth alizaliwa Welkom, mji wa machimbo ya dhahabu Afrika Kusini, akasoma Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 1995 akaanzisha kampuni ya Thawte kwenye gereji ya wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutoa vyeti vya kidijitali, vile vinavyoihakikishia kompyuta kwamba tovuti inayozungumza nayo ndiyo yenyewe. Desemba 1999 kampuni ya Marekani, VeriSign, ikainunua kwa takriban dola milioni 575. Aprili 2002, kwa nauli ya takriban dola milioni 20 kutoka mfukoni mwake, akapanda chombo cha Kirusi cha Soyuz na kuwa Mwafrika wa kwanza kwenda anga za juu.

Miaka miwili baadaye akaja na matumizi mengine ya fedha. Aliwaita London wataalamu kama kumi na wawili, wengi wao wachangiaji wa Debian, mfumo endeshi huria uliokuwapo tangu 1993 na ambao yeye mwenyewe aliwahi kuuchangia. Debian ilikuwa imara lakini ngumu kwa mgeni, na toleo jipya lilikuja siku lilipojisikia. Wao wakaamua kujenga mfumo wao juu yake, na matoleo yake yatoke kila baada ya miezi sita. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004 likiitwa Warty Warthog, yaani ngiri mwenye chunjua. Lililofuata Aprili 2005 lilikuwa kalunguyeye mwenye mvi. Nilizipenda programu hizi kwa majina kabla sijazipenda kwa kazi.

Ila jina kubwa lenyewe, lile la kwenye sidii zetu, Ubuntu, halikuhitaji kutafsiriwa. Msemaji wa Kiswahili akiliona neno hili anaona nduguye aliyekaa ng'ambo muda mrefu: Wazulu na Waxhosa wana umuntu, abantu, ubuntu, sisi tuna mtu, watu, utu. Kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi linafika karibu zaidi na kisa chetu, maana ukipewa kitu *ku buntu* umepewa bure. Katika matoleo ya miaka ile, ukifungua folda ya mifano ungekuta video fupi ya Nelson Mandela akilieleza neno hilo kwa kisa cha msafiri anayesimama kijijini na kupewa chakula na maji bila kuomba. Nimewahi kuona watu wazima wakikusanyika kwenye kioo cha inchi 15 kumtazama Mandela, kisha wakatawanyika bila hata kuuliza kompyuta ile ilikuwa inatumia nini.

Bure na huru, kwa Kiingereza, ni neno moja, na ugomvi mwingi katika historia ya programu za aina hii umetokana na hilo. Richard Stallman wa maabara ya akili bandia ya MIT alikasirishwa na printa. Ilikuwa ya Xerox, ilikuwa ikikwama karatasi, na yeye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji wote inapokwama. Akanyimwa msimbo. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kuugawa. Kilichomsumbua kilikuwa kufungiwa, si bei. Kiswahili kingemwokolea maelezo ya miaka arobaini, kwani sisi tunasema programu huria, na neno huria tulikuwa tumekwishalisikia katika soko huria, japo huko halikuwafurahisha wote.

Sehemu iliyokosekana katika kazi ya Stallman, yaani kiini kinachoongoza mashine yenyewe, ilitoka Helsinki mwaka 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo wa kujifurahisha tu, usio mkubwa. Alitaka kuuita Freax. Mwenzake aliyemtengea nafasi kwenye seva akaandika Linux, na ikabaki hivyo. Mwaka 1992 Torvalds akauweka chini ya leseni ya Stallman. Kwa miaka kumi iliyofuata Linux ilienea vyumbani mwa seva. Mezani kwa mtu wa kawaida haikuonekana.

Hapo ndipo sidii za Shuttleworth zilipokuwa na maana, na hapo ndipo mzee wa uhasibu alipokosea. Kwetu cha bure kilikuwa ghali. Sidii moja ni megabaiti 700. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, isiyokatika hata mara moja, zingehitajika zaidi ya saa 27 kuipakua, na mita ya simu ikihesabu. Wakati huohuo sidii ya Windows iliyochakachuliwa ilikuwa barabarani kwa bei ya sahani ya chakula, namba ya siri imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino. Wanaharakati wa Ulaya waliotuambia tuache Windows kwa sababu ni ghali hawakuwahi kuinunua mahali tulipoinunua sisi. Aliyelipia stempu alielewa kwamba kizuizi kilikuwa usafirishaji.

Silaha ya pili ya Linux kwetu ilikuwa kirusi. Kwenye steshenari moja ya Magomeni, Dar es Salaam, ya aina ile yenye mashine ya fotokopi mlangoni na kitambaa cha bluu cha picha za pasipoti ukutani, mama mwenye duka alikuwa akimwita fundi karibu kila mwezi "ampigie Windows". Kila mteja alikuja na flashi, na kila flashi ilikuja na kirusi wake. Siku moja fundi huyo, kijana, alifika na sidii ya rangi ya udongo.

"Shikamoo mama. Leo nakupigia kitu kingine."

"Marahaba. Kina Word?"

"Kina mfano wake."

"Mfano wa Word utanilipia kodi ya fremu?"

Hakumjibu. Alichomeka flashi ya mwanafunzi aliyekuwa akilia pale kaunta kwamba tasnifu yake imepotea, folda zote zimegeuka njia za mkato zisizofunguka. Kwenye kioo zikajitokeza folda mbilimbili: zile za bandia alizoziweka kirusi, na zile halisi alizokuwa amezificha. Maficho yaliyoifumba macho Windows hayakuwa maficho kwa Linux. Kijana akafuta za bandia, akanakili tasnifu na kuirudisha. Mama aliagiza mashine moja kati ya tatu iachwe hivyohivyo, na kwa muda mrefu ikaitwa "ile ya kutoa virusi". Wateja walilipa kwa kutolewa virusi. Mfano wa Word haukuulizwa tena.

Mfano huo ulikuwa OpenOffice, na una historia yake hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kiliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice: kuandika barua na kupiga mahesabu kwa menyu ya Kiswahili. Microsoft nao wakaleta Kiswahili kwenye programu zao miaka hiyohiyo, na sidhani ilikuwa sadfa. Kazi ile ilistahili sifa zaidi kuliko ilizopata. Lakini fundi aliyejifunza kwa Kiingereza alifundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyefundishwa kusevu hakutaka kuhifadhi. Akifungua menyu ya Kiswahili alijiona amerudishwa darasa la kwanza. Hata leo mtu anaweza kuandika kitabu kizima cha Kiswahili kwenye programu inayomwamrisha kwa Kiingereza, na asione ajabu.

Maofisini safari ilikuwa ngumu zaidi. Printa iligoma kwa sababu mtengenezaji hakuandika programu ya kuiendesha kwenye Linux; kile kile kisirani cha Stallman, robo karne baadaye. Programu ya mahesabu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ilijua Windows tu. Waraka uliopangwa vizuri ulifika kwa mkurugenzi majedwali yamevunjika, na lawama zikamwangukia aliyetuma. Wala hayakuwa matatizo ya maskini peke yao. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhama Windows, ingawa Steve Ballmer, bosi wa Microsoft, alikatisha mapumziko yake ya kuteleza kwenye theluji ili akamwone meya. Kufikia 2013 kompyuta zipatazo 15,000 za jiji zilikuwa zimehamia LiMux, mfumo uliokuja kujengwa juu ya Ubuntu. Novemba 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi walikotoka.

Posta nayo ilifika mwisho. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa Seacom ulianza kazi pwani yetu, na mwaka 2011 Shuttleworth na kampuni yake, Canonical, wakasitisha ugawaji wa sidii. Sina kinyongo, ingawa nakiri bahasha ile ilikuwa na heshima ambayo kitufe cha kupakua hakina.

Agosti 2004, kabla hata ngiri hajatoka, Shuttleworth alikuwa amefungua orodha ya kasoro za Ubuntu zinazohitaji kurekebishwa, na kasoro namba moja aliyoandika ni kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Tarehe 30 Mei 2013 aliifunga, na akakiri kwamba Ubuntu ilichangia kidogo tu kuirekebisha. Kazi kubwa ilifanywa na simu. Android imejengwa juu ya kiini kilekile cha Torvalds, kwa hiyo mama wa Magomeni anayepokea malipo kwa simu yake ya Android anatumia Linux kutwa nzima. Ukimwambia atakukatalia.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi nzima kabisa hazikidhi masharti ya Windows 11. Laptopu yangu ni mojawapo. Niliipeleka kwa fundi, kijana ambaye sidii ameziona kwenye droo za wazazi. Akaipindua, akasoma mwaka chini yake, akatikisa kichwa. Kisha akavuta flashi kutoka kwenye ufunguo wa pikipiki.

"Mzee, nina kitu hapa kinaitwa Ubuntu. Nimekipakua jana kwa bando la usiku."

Nikamuuliza anauza bei gani.

"Chenyewe bure. Utanipa ya ufundi."