Noah ya zamani na Noah mpya: gari la familia lilivyofika machimboni

Leo naomba niweke siasa pembeni niongelee gari. Na siyo shangingi la mheshimiwa, naongelea Noah. Kama umewahi kupita Shinyanga, Kahama, Katoro au Geita huna haja ya kuelezwa. Unafika stendi, konda anakushika mkono, anakuambia bado mtu mmoja tu gari liondoke, kumbe bado watano.

Kilichonifanya niingie kwenye somo hili ni mama yangu. Mama ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2024 alikuwa ameshika kiinua mgongo chake mkononi, na mjomba, mdogo wake wa kuzaliwa, akaja na hoja. Mjomba anaendesha Noah ya zamani kutoka Katoro kuingia machimbo ya upande wa Rwamagasa. Gari limechoka kwa kazi tuliyolipa sisi wenyewe. Akamwomba dada yake waungane kununua nyingine, lakini wakashindwa kukubaliana: watafute tena ya umbo la zamani au wachukue ya umbo jipya?

Mama akanipigia simu. "Wewe si mwandishi wa habari? Kila siku unawauliza wakubwa maswali. Basi niulizie na hili gari kabla hela yangu haijaondoka."

Nikaenda kuuliza. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Tulitoka wapi

Tuanze na historia kidogo. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo kupata usafiri wa vijijini Usukumani ilikuwa kudra. Unapanda juu ya lori la pamba, au unasubiri Land Rover ya misheni ikuonee huruma. Mlango ulianza kufunguka kwenye bajeti ya mwaka 1984/85, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Baada ya hapo, enzi za Mzee Mwinyi, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuwa kitu cha kawaida barabarani. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama wetu. Hakuna cha kubadilisha.

Na kwa nini Mjapani anauza gari ambalo bado zima? Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona bora aliachie. Linapomchosha yeye, linaanza maisha ya pili kwetu.

Sasa njoo mwaka 1996. Mwezi Agosti mwaka ule wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, huko Japani, Toyota wakatoa gari la familia la viti vinane likiuzwa kwa majina mawili, TownAce Noah na LiteAce Noah. Mambo haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Lakini yalikuja kukutana.

Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009. Kampuni zilikuwa na mabasi ya wafanyakazi wao. Lakini dhahabu haimwiti mfanyakazi wa kampuni peke yake. Kuna mchimbaji mdogo, mwenye karasha la kusagia mawe, mama lishe, muuza mitumba, fundi simu, binti aliyetoka kijijini kutafuta maisha. Hawa wote walihitaji gari la kuwafikisha Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa, Kakola. Basi kubwa la watu sitini likae stendi hadi lijae, utaondoka kesho. Noah inajaa upesi na kuondoka upesi, na inapita pale basi lisipopita. Hiyo ndiyo nguvu yake ya kwanza, na haikuandikwa na mhandisi yeyote. Imetoka kwetu.

Ya zamani ina nini

Noah ya 1996 injini yake iko chini ya viti vya mbele, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa barabara zetu hili ni jambo kubwa. Ukilijaza gari, uzito unakaa nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kwa hiyo mzigo wenyewe unayakandamiza yashike ardhi. Masika, kwenye ule udongo mweusi wa mbugani unaoshika tairi kama ugali, tofauti unaiona kwa macho.

Pili, injini yake ya petroli, ile 3S ya lita 2, mafundi wetu wanaijua kama mfuko wa shati. Ilikuwamo pia kwenye Corona na kwenye RAV4 za kwanza. Spea zinapatikana mpaka kwenye vibanda vya senta ndogo.

Ubaya wake? Muulize aliyekaa kiti cha mbele kutoka Kahama mchana wa Septemba. Injini iko chini ya makalio yake. Gari likichemsha, abiria wa mbele wanashushwa, kiti kinainuliwa, ndipo fundi aione injini. Kwa sababu injini haiko mbele, pua ya gari ni fupi, na miguu ya dereva na abiria wa mbele iko karibu mno na kitakachogongwa. Zile za dizeli zikichemsha mara moja tu bila kuwahiwa, silinda hedi inapasuka na hesabu ya mwezi inaondoka nayo.

Mpya ina nini

Novemba 2001 Toyota wakalichora upya. Jina likabaki Noah tupu, likiwa na pacha wake Voxy. Injini ikahamishiwa mbele chini ya boneti, na magurudumu ya mbele ndiyo yakaanza kuvuta. Propela ndefu ya kwenda nyuma ikaondoka kwenye matoleo ya kawaida, kwa hiyo sakafu ikashuka na kuwa tambarare. Milango ya kuteleza ikawa miwili, kushoto na kulia.

Kwa familia ya Japani haya ni mazuri matupu. Mtoto anapanda mwenyewe, bibi hainui mguu juu. Na kwetu pia yana faida, tusiwe wabishi. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali Geita anaingia Noah mpya bila kunyanyuliwa. Kiti cha mbele hakiungui. Mbele kuna chuma kingi zaidi kati yako na lori.

Lakini kila zuri lilikuja na deni lake. Sakafu iliyoshuka inakutana na mawe. Magurudumu ya mbele yanayovuta, ukijaza watu na viroba nyuma, pua inanyanyuka na tairi za mbele zinapoteza mshiko palepale unapozihitaji, kwenye kilima chenye matope. Mlango wa kulia kwetu unafungukia katikati ya barabara, upande magari mengine yanakopita. Makonda wengine huufunga moja kwa moja, na hapo ukipata ajali umebaki na mlango mmoja.

Kisha injini. Noah ya 2001 ilipewa injini inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda ili kubana matumizi. Ni teknolojia nzuri, lakini inataka mafuta safi. Na sisi tulikuwa wapi? Neno "kuchakachua" lilishika midomoni mwetu miaka ile ile ambayo mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, yalichanganywa kwenye mafuta mengine. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kwenye bajeti ya 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo ule usilipe. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, ukiendesha injini ya namna ile hapa kwetu ulikuwa unacheza bahati nasibu. Noah iliyofuata, ya Juni 2007, ilirudi kwenye injini isiyonyunyiza kwa mtindo ule.

Kwa hiyo nikamwandikia mama muhtasari. Kwa njia za vumbi na matope za machimboni: ya zamani. Kwa lami, kama Katoro kwenda Geita au Shinyanga kwenda Kahama: mpya, na afadhali ya 2007 kuja mbele. Nikajiona nimemaliza kazi.

Swali la mama

Tukakaa kikao nyumbani, mama, mjomba na mimi. Mjomba alikuwa na daftari lake la hesabu: mafuta, spea, deiwaka, posho ya konda, rejesho la dada kila mwezi. Hesabu ilikaa vizuri sana. Mama akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, kisha akauliza kitu ambacho mimi mwandishi sikukiuliza popote.

"Hapa umeweka abiria wangapi kwa safari?"

Mjomba akajikuna kichwa. "Kumi na mmoja, dada. Siku ya mnada kumi na watatu."

"Na gari lina viti vingapi?"

"Vinane. Pamoja na changu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nalinganisha magari mawili ambayo hayapo. Kote nilikokwenda niliuliza gari lipi ni zuri. Kumbe Noah ya viti vinane, ya zamani au mpya, haipo kwenye njia zetu. Iliyopo ni Noah ya watu kumi na wawili.

Nikarudi kwenye vitabu. Japani wanapopiga hesabu ya uzito wa gari lililojaa, kila mtu anahesabiwa kilo 55. Watu wanane ni kilo 440. Breki, springi na tairi vinapangwa kwa kuzingatia uzito huo. Sasa weka watu kumi na wawili wa kilo 65, tayari ni kilo 780, na bado hujaweka kiroba cha mawe, mahindi na galoni za mafuta juu ya paa. Tena gari lenyewe ni jembamba. Upana wake wa kawaida hauzidi mita 1.70, kwa sababu Japani ukivuka kipimo hicho gari linahama daraja la usajili. Jembamba, refu kwenda juu, na mzigo kwenye paa. Likifika kwenye kona kwa mwendo wa kuwahi foleni ya stendi, unadhani litafanya nini?

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kufundishwa somo la kuzidisha. Mei 21, 1996, mwaka uleule wa Noah, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Septemba 20, 2018, MV Nyerere iliyoruhusiwa kubeba watu 101 ilipinduka Ukara, wakafa zaidi ya 220. Kwa meli tulilia nchi nzima. Noah inaua wachache wachache, leo watano, mwezi ujao wanne, kwa hiyo inaishia kwenye habari fupi za ukurasa wa ndani. Nazijua, nimeziandika mwenyewe.

Tusimtupie lawama dereva peke yake. Mjomba alijitetea, na hoja yake ina uzito. "Dada, nikibeba saba, nauli lazima ipande. Nikipandisha, abiria anapanda la mwenzangu. Halafu abiria wenyewe ndio wanaosema konda jaza twende, tunachelewa." Ni kweli. Nimekaa kwenye gari hilo, nimebanwa ubavu, na mimi pia nilikuwa nataka tuondoke. LATRA, waliochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, wana kanuni. Trafiki wapo barabarani. Lakini kati ya Katoro na shimoni hakuna anayehesabu vichwa isipokuwa konda, na konda anahesabu ili ajue hela.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nimefundisha darasa lenye madawati ya watoto watatu wakikaa watano. Unajua dawati linaanza kuvunjika siku gani? Siku ya kwanza. Wewe unaliona siku ya mwisho tu."

Hela alitoa, lakini kwa masharti. Gari jipya lifanye njia ya lami, Katoro na Geita. Rejesho lake lipungue ili hesabu ikae kwa abiria saba. Mlango wa kulia usifungwe kwa bolti, bali konda ashushe watu kushoto. Ile ya zamani iendelee na vumbi mpaka itakapokufa yenyewe, lakini paani isiwekwe mawe.

Wakanunua ya 2007. Inafanya kazi mpaka leo. Faida yake siyo ile ya daftarini, na mjomba analalamika kila tukionana. Kila jioni mama anampigia simu. Haanzi na hesabu ya hela.

"Leo mlikuwa wangapi?"

Mjomba anajibu saba. Mama ananyamaza kidogo, kisha anamtakia usiku mwema. Mimi nikiwa karibu simuulizi kama anaamini.

Wadau wa Noah, mliopanda na mnaoendesha, nanyi tuambieni. Leo mlikuwa wangapi?