Kufuli Lisilo na Ufunguo

Katika shule moja niliyoiongoza, tulifungia vitabu kabatini visiibwe. Mtunza stoo akahamishwa, akaondoka na ufunguo. Tulipovunja kabati, mchwa walikuwa wamekwisha kuvisoma kabla ya wanafunzi.

Nililikumbuka kabati lile hapa Mafiga, mjukuu wangu alipotia sidii ya mchezo wa zamani, iliyonunuliwa kihalali, katika kompyuta mpya, ikakataa katakata.

Makufuli ya sidii yana historia yake. Miaka ya 1990, michezo ya kompyuta ilipouzwa kwa sidii, wenye mali waliwaogopa wanaonakili. Mwaka 1998 ikatoka SafeDisc. Sidii halisi ilitiwa alama ngumu kunakili, na programu ndogo ikawekwa ndani kabisa ya Windows, iikague alama hiyo kila mchezo unapofunguliwa. Mwaka 2007 ilidhihirika kwamba mlinzi huyo ana kasoro: mhalifu angeweza kumtumia kuiteka kompyuta. Mwaka 2015 Microsoft ikatoa Windows 10 bila yeye, na michezo iliyomtegemea ikafungiwa nje.

Aliyeumia ni mnunuzi mwaminifu. Nakala ya wizi, iliyokwisha kuvunjwa kufuli, haikumhitaji mlinzi.

Siutetei wizi. Sheria yetu ya Hakimiliki, Namba 7 ya 1999, inafanya vyema kumlinda mtunzi. Lakini, ndugu msomaji, afungaye na amwachie ufunguo atakayekuja nyuma. Mali ambayo hata mwenyewe haifikii imekwisha kupotea.