Mabwawa ya Tana: Kabla ya kuuliza nani amefungua maji

Kila masika yakizidi na Mto Tana ukavamia vijiji vya Garsen na kwingineko huku chini, mimi huulizwa swali lile lile: "Nani amefungua bwawa?" Nimeona heri nieleze mitambo hiyo ni ipi, ina umri gani, na maji yake hutufikiaje.

Tana una urefu wa takriban kilomita 1,000, kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini unakoingia baharini. Huko juu kuna mabwawa makubwa matano yanayofuatana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yakishazungusha mitambo ya bwawa moja huteremkia la pili, yakatumika tena. Baada ya Kiambere, hakuna bwawa jingine kubwa la kuyazuia.

Mkongwe kati ya hayo ni Kindaruma, lililoanza kuzalisha stima mwaka 1968 likiwa na mashine mbili za jumla ya megawati 40. Kamburu lilifuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kindaruma halijastaafu. Mashine zake za zamani zilikarabatiwa, ya tatu ikaongezwa, na sasa uwezo wake ni megawati 72.

Stima hiyo ni yetu pia. Kuna laini kubwa inayotoka Kiambere moja kwa moja hadi Rabai, na kutoka Rabai nyingine hupitia Malindi na Garsen hadi Lamu. Yaani mtu wa Garsen, aliye ukingoni mwa Tana, huletewa umeme kwa kuzungukia Rabai, lakini maji humjia moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye mafuriko. Masinga ndilo ghala. Lilijengwa liweze kubeba takriban mita bilioni 1.56 za ujazo, na hujaa maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likishajaa, maji ya ziada hujimwaga, na mabwawa manne ya chini, ambayo ni madogo kuliko Masinga, hayana budi kuyapitisha. Ndivyo ilivyotokea Aprili na Mei 2024. Tena mito kama Mutonga na Kathita huingia Tana chini ya Kiambere, kwa hivyo mafuriko yake hayapiti bwawa lolote kati ya haya.

Uzee wa mabwawa haya si wa vyuma pekee. Chuma hubadilishwa, tope ni shida nyingine. Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya milimani hutua Masinga na kuchukua nafasi ya maji. Bwawa lenye tope hujaa mapema wakati wa mvua na hupungukiwa mapema wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo sisi wa chini tunapoumia mara mbili. Wakulima wa Kipokomo tangu jadi walipanda mpunga kwa kufuata mafuriko ya msimu, na wafugaji wa Orma walitegemea malisho yanayoota maji yakipungua. Mabwawa yamepunguza mafuriko hayo ya kawaida, lakini yale makubwa ya kuharibu bado yanatufikia. Na mto ukiwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini hadi mashamba ya Ozi.

Kwa maoni yangu, tudai mambo matatu. Kwanza, kiwango cha maji ya Masinga kitangazwe kila siku ya mvua kwenye redio za hapa, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Maji huchukua siku kadhaa kufika kwetu. Siku hizo zatosha kuhamisha watoto, wazee na mifugo. Pili, ratiba ya kuachilia maji izingatie msimu wa mpunga, si mahitaji ya stima peke yake. Tatu, sehemu ya mapato ya umeme huo itumike kulinda udongo milimani, kwa sababu tope linalozuiwa huko ni nafasi ya maji inayobaki Masinga.

Basi mvua zijazo, swali letu lisiwe nani amefungua. Tuulize: Masinga limefika mita ngapi, na nani alituambia?