Daramumba, Kitoto na usultani uliofika Kasongo

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Unguja, alipoingia Utetera, katika Kongo ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1870, bunduki alikuwa nazo. Alichotanguliza ni nasaba.

Habari tunayo kwa ulimi wake mwenyewe, katika maisha yake aliyosimulia Unguja, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903. Zamani, aliwaambia Watetera, Rungu Kabare wa Urua aliivamia nchi yenu akateka wanawake wawili wa nyumba ya kifalme, Daramumba na Kitoto. Babu yangu mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alifika Urua kwa biashara, akampata mmoja wao akamfanya suria. Mimi ni mjukuu wake. Mzee Kasongo Rushie, sultani wa Utetera, akaipokea damu hiyo iliyorudi nyumbani, akamwachia mgeni usultani na pembe zake.

Mimi naiona ni hila. Lakini hila haishiki pasipo na kitu cha kweli cha kuishikilia: Watetera waliona kwamba mtoto wa binti aliyetekwa bado ni mtoto wa nyumba. Hamed hakuhitaji kufundishwa hayo. Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ukwe huo ulimpa sauti Tabora ambayo mfanyabiashara wa kawaida hakuipata.

Wako mabibi ambao sauti yao imehifadhiwa. Huko Ashuru ya kale, Naqi'a, mama yake mfalme Esarhaddon, aliwaapisha wakuu wa dola wamtii mjukuu wake Ashurbanipal, mwaka 669 kabla ya Kristo. Kiapo hicho kimo kwenye bamba la udongo, na jina la bibi limo ndani yake, likiamuru. Daramumba na Kitoto hawakuachiwa neno. Hatuwasikii wakilia njiani kwenda Urua, wala wakikubali au kukataa kuitwa bibi wa mtu huyu. Wametekwa, kisha wametajwa na mwanamume aliyefaidika kwa kuwataja. Hilo linaniuma kila nisomapo ukurasa ule.

Kutoka Utetera, Hamed alifika mto Lualaba mwaka 1874, akakutana na msafiri Mwingereza Cameron huko Nyangwe, kisha akaweka makao yake Kasongo, alikokuwa binamu yake Muhammed bin Said, Bwana Nzige. Pembe zilipita Kabambare kuelekea Tanganyika na Ujiji. Kabambare yenyewe ilikwisha kuona misafara: msafiri Livingstone alifika Septemba 1869, akauguza humo vidonda vya miguu miezi mingi.

Utawala ule haukudumu. Jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis liliitwaa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, akafa vitani mwaka huohuo, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Tippu Tip alikuwa Unguja tayari, na huko ndiko alikofia mwaka 1905.

Waliobaki Kasongo na Kabambare ni watoto wa wanaume wa pwani na mama za Kimanyema, wengi wao mateka kama Daramumba na Kitoto, au masuria. Kiswahili cha Maniema kilikua katika nyumba hizo, na Uislamu wa Kasongo, mmoja wa mizizi mikubwa ya dini hiyo Kongo nzima, ulilelewa humo. Nasaba za baba huhesabiwa hadi Maskati. Bibi aliyezaa huitwa tu mwanamke wa huku.