Salamu za alasiri kwa Wakamba wa Kitui na Makueni

MGENI anayefika katika boma la Wakamba alasiri, iwe ni Mwingi katika Kaunti ya Kitui au viungani mwa mji wa Wote, makao makuu ya Makueni, hatarajiwi kuanza na haja iliyomleta. Hutangulia salamu, na salamu ya wakati huo ni swali: "Watinda ata?", yaani umeshindaje? Wanaosalimiwa wakiwa wengi, huulizwa "Mwatinda ata?" Jibu la mtu mmoja ni "Natinda nesa", nimeshinda vyema. Kisha naye humuuliza mwenzake.

Kitenzi "tinda" si kigeni kwa msemaji wa Kiswahili. Ni ndugu wa "shinda", kwa maana ya kukaa mahali mchana kutwa. "Sh" ya Kiswahili hapa hulingana na "t" ya Kikamba. Wakikuyu nao husema "gũtinda". Kwa hiyo salamu hii haifai asubuhi, kwa kuwa hakuna siku iliyokwisha kushindwa. Swali lisilofungwa na saa ni "Wĩ mũseo?", yaani u mzima?

Majirani wana desturi kama hiyo. Waganda huulizana "Osiibye otya?", wakiongeza "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke. Wanyarwanda husema "Mwiriwe", neno linalohusu vilevile namna mtu alivyoshinda. Mwambao wa Kenya na Zanzibar kuna "masalkheri", yenye asili ya Kiarabu. Hiyo humtakia mtu heri, haimuulizi habari ya siku yake.

Heshima ya Mkamba hukamilishwa na jina la ukoo. Mwanamke wa umri wa mama huitwa "mwaitũ", bibi ni "susu" na babu ni "umau", hata pasipo na udugu wa damu. Aidha kuna "nthoni", staha iliyowataka mkwe wa kiume na mama mkwe waepuke kukutana ana kwa ana.

Mijini vijana wengi hutosheka na "niaje" au "sasa", na jibu huwa "poa". Salamu hizo hazina kosa baina ya marika, lakini hazimpi mzee nafasi ya kueleza alivyoshinda. Katika nchi kame kama sehemu kubwa ya Kitui na Makueni, siku moja yaweza kuwa na mengi: maji yaliyofuatwa mbali, mbuzi aliyepotea, mgonjwa aliyelala ndani. Mzee anayeishi peke yake huenda asimwite mtu kumweleza shida yake. Akiulizwa alivyoshinda, husema.

Anayeuliza, basi, na asubiri jibu. Wakati wa kuondoka humwambia mwenyeji "Tiwa nesa", baki vyema.