Kicheko cha Mwenye Leso

Leso ikishafungwa kiunoni, jina huangukia nyuma. Aliyeivaa halioni, mwenye kulisoma ni yule anayemfuata njiani, na aghalabu ni mtu baki.

Majina hayakuwapo tangu mwanzo. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado gora moja, wakavikata vitatu vitatu na kuviunga viwe nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa pindo na mji. Maneno yakafuata, kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887. Leso zake bado hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Wenye maduka, naona mimi, walikuwa wajanja kuliko wanavyosifiwa. Jina linalouzika halimtaji mtu. Kila mwenye jambo lake moyoni atalivuta kwake.

Nyanya yangu alikuwa na "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Alipewa na shoga yake baada ya posa moja iliyotikisa mtaa: wote walidhani bwana kaja kumposa dada mkubwa, kumbe kamfuata mdogo, yaani huyo huyo nyanya. Basi kila akijifunga hucheka. Mama husimulia kwamba siku moja alikuwa akienda sokoni Marikiti, kikapu mkononi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nyuma yake mwanamke wa mtaa mwingine akasoma jina, akayatazama yale mabega, akajumlisha.

"Wanicheka mimi?"

"Hata sikujui, mwanangu," nyanya akajibu, kwa nia safi kabisa.

Jibu hilo lilikuwa baya kuliko leso yenyewe.

Desturi ilikuwa na dawa yake, nayo iliuzwa Barabara ya Biashara, Mombasa: tusi la leso hujibiwa kwa leso. Muuzaji mzoefu hakuanza kukuuliza rangi. Alikusikiliza kwanza una neno gani na nani, ndipo akashusha doti kutoka rafu ya juu.

Yule mwanamke alikwenda akanunua leso yake, akashona pindo, akapita mlangoni kwetu polepole, mgongo kwa baraza. Nyanya, ambaye herufi za Kirumi hakuzijua, alimsifu kwa sauti jinsi zile rangi zilivyompendeza.