Wazamiaji wa Lulu na Kamba ya Deni

Washairi wetu wamelitumia neno lulu tangu zamani kumsifia mpenzi, mtoto mwema au hekima. Lakini ni nadra sisi tufundishao lugha hii kuwaeleza wanafunzi ni nani aliyeitoa lulu hiyo baharini. Katika makala haya twakusudia kusimulia kwa ufupi maisha ya wazamiaji wa Ghuba, ambao miongoni mwao walikuwamo wengi wenye asili ya Afrika Mashariki.

Mwanzoni mwa karne ya 20, lulu ndiyo iliyokuwa tegemeo la Bahrain, Kuwait, Qatar na pwani ambayo leo ni Falme za Kiarabu. Lorimer, ofisa wa Kiingereza aliyekusanya habari za Ghuba, alikadiria majahazi yapata 4,500 na watu 74,000. Msimu mkuu ulianza yapata Juni hadi Septemba, na kwa miezi hiyo jahazi lilikuwa ndiyo nyumba yao. Walilala sitahani, wakala tende, wali na samaki, na maji ya kunywa yalitolewa kwa kipimo.

Mzamiaji hakuwa na mtungi wa hewa. Alibana pua kwa kibano, akavaa vifuko vya ngozi vidoleni, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, akazama mita kumi na zaidi. Huko chini alikusanya chaza kwa pumzi moja tu, kisha akatikisa kamba ili mwenziwe aliye juu amvute. Hayo aliyafanya mara kadhaa wa kadhaa kila siku. Wengi walipata maradhi ya masikio, macho na ngozi.

Hata hivyo, kamba iliyomfunga zaidi ilikuwa ni deni. Kabla ya safari nahodha alimpa fedha na chakula cha kuiachia familia yake. Msimu ulipokwisha, gharama zilikatwa kwanza, na mara nyingi fungu lake halikutosha kulipa. Aliyekuwa na deni hakuweza kumhama nahodha wake, na huenda deni hilo likamrithi mwanawe. Daftari lilikuwa mikononi mwa mdai, na mdaiwa hakujua kusoma.

Hali ya watumwa ilikuwa mbaya zaidi, kwani ujira wao ulichukuliwa na bwana. Katika karne ya 19, kadiri lulu na tende zilivyotakiwa Ulaya na Marekani, ndivyo mateka kutoka pwani yetu na bara, hata pande za Ziwa Nyasa, walivyopelekwa huko. Mkataba wa mwaka 1873 baina ya Uingereza na Sultani Barghash ulipiga marufuku biashara hiyo baharini, lakini haukuwakomboa waliokwisha kufika. Baadhi yao walitoroka wakaenda kwenye ofisi za Waingereza kuomba vyeti vya uhuru, na humo wakataja walikozaliwa.

Katika miaka ya 1920, Bahrain iliamuru kila mzamiaji apewe daftari lake mwenyewe la hesabu. Lakini lulu zilizokuzwa na Wajapani, wakiongozwa na Mikimoto, zilikwisha kuingia sokoni, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukaziporomosha bei. Mwaka 1932 wazamiaji wa Bahrain walifanya ghasia kwa kupunguziwa malipo ya mwanzo. Mwaka huohuo mafuta yaligunduliwa kisiwani humo. Cousteau na Gagnan walipotengeneza kifaa chao cha kupumulia majini mwaka 1943, biashara ile ilikuwa imekwisha kudhoofika sana.

Mwaka 2012, UNESCO iliyaingiza majengo na vilindi vya lulu vya Bahrain katika urithi wa dunia. Hilo ni jambo jema. Lakini urithi wa wazamiaji umo pia katika ngoma ya leiwa, ambayo hadi leo huimbwa Ghuba pamoja na maneno ya Kiswahili. Basi ndugu walimu, tunapofundisha neno lulu tusiishie kwenye uzuri wake. Tumtaje na yule aliyezama, maana naye alikuwa ndugu yetu, na lugha yake ndiyo hii tuifundishayo.